Mlango wa Lifti Humwonaje Mtu? Ufafanuzi wa Vihisi, Mipaka Yake na Utunzaji Wake

Katika majengo marefu ya Kariakoo, Upanga, Kilimani au Nyali, kauli moja husikika kila mlango wa lifti unapoleta matata: "Sensa imekufa." Mlango ukikataa kufunga, ni sensa. Ukifunga nusu kisha ukarudi nyuma, ni sensa. Ukimgonga mtu begani, ni sensa. Hata chumba cha lifti kikikwama kati ya ghorofa mbili, lawama huishia huko huko. Mara nyingi kauli hiyo haina ukweli, na madhara yake ni makubwa kuliko kukosea jina la kifaa. Hutoka pesa za kununua kifaa kisichokuwa kibovu, huachwa kifaa kibovu bila kuguswa, na watu hujengewa imani kwamba mlango unawaona muda wote na kila mahali, imani ambayo humfanya mtu achomeke mkono kati ya milango inayofunga bila kusita.

Kihisi, yaani hiyo sensa, kwa maana ya msingi ni kifaa kinachotambua jambo fulani, kama vile mwanga, mguso au joto, na kulipeleka kwenye mtambo kwa njia ya ishara ya umeme. Kihisi hakiamui lolote. Anayeamua ni kontrola, yaani kompyuta ya lifti, ambayo hupokea ishara kutoka sehemu nyingi na kuiamuru mota ifungue mlango, iufunge au iusimamishe. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu mlango mmoja unaweza kufunguka tena kwa ishara zilizotoka mahali patatu tofauti kabisa, ilhali kwa abiria aliyesimama nje zote zinaonekana kuwa kitu kimoja.

Jambo la pili la kuliweka wazi mapema ni kwamba lifti ya kawaida ina milango miwili, si mmoja. Kuna mlango wa chumba, unaosafiri pamoja na chumba cha lifti kutoka chini hadi juu, na kuna mlango wa ghorofa, ambao umefungwa ukutani katika kila ghorofa na hauendi popote. Mota ya kusukuma milango ni moja tu, nayo imekaa juu ya chumba. Chumba kinapofika kwenye ghorofa, kibano kilichopo kwenye mlango wa chumba hushika magurudumu madogo ya mlango wa ghorofa, na milango yote miwili huvutwa pamoja. Mlango wa ghorofa hauna mota yake, na katika lifti nyingi hauna hata kihisi cha kuona watu. Una uzito au springi ya kuurudisha ufunge, pamoja na kufuli. Kihisi kinachotazama watu kimefungwa upande wa chumba, na husafiri na chumba.

Kwa hiyo walinzi wa mlango ni watatu. Wa kwanza huona, wa pili huhisi mguso au upinzani, wa tatu huhakikisha mlango umefungwa na kukazwa kabla chumba hakijaondoka. Anayeitwa "sensa" kwa haki ni yule wa kwanza.

Pazia la mwanga

Ukisimama kwenye mlango wa lifti ya miaka ya karibuni na kutazama kingo zake, utaona fito mbili nyembamba nyeusi zinazoanzia karibu na sakafu na kupanda hadi kimo cha mtu mzima au zaidi. Wengi hudhani ni mapambo, au mpira wa kuzuia kelele. Hizo ndizo pazia la mwanga. Ufito mmoja una safu ya taa ndogo za LED zinazotoa mwanga wa infraredi, na ufito wa pili una safu ya vipokezi. Infraredi ni mwanga ambao jicho la mwanadamu haliuoni, na ndio unaotumiwa na rimoti ya televisheni. Ukielekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na kubonyeza kitufe, simu nyingi zitakuonyesha nukta ya rangi ya zambarau inayometameta ambayo kwa macho yako huioni.

Taa hizo haziwaki zote kwa pamoja. Kila moja huwaka kwa zamu, kwa muda mfupi sana, kuanzia chini hadi juu, na mzunguko mzima hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde. Kipokezi nacho hakikubali mwanga wowote tu, bali husubiri mdundo maalumu kutoka kwenye taa ambayo ni zamu yake. Utaratibu huo ndio unaowezesha pazia kutofautisha mwale wake na mwanga wa jua au wa taa za korido. Mwale uliotarajiwa usipofika, kontrola huambiwa kuna kitu njiani, na mlango hufunguka tena.

Katika vipeperushi vya wauzaji hutajwa idadi kama miale 94 au miale 154, na wanunuzi wengi huamini kuwa ndani ya ufito mmoja kuna taa 154. Sivyo. Chukua ufito wenye taa 32. Kila taa ikitazamwa na kipokezi kilicho mbele yake, miale ni 32. Ikitazamwa pia na kipokezi cha juu yake na cha chini yake, inaongezeka miale 31 ya kupanda na 31 ya kushuka, na jumla inakuwa 94. Ikitazamwa na vipokezi viwili juu na viwili chini, inaongezeka mingine 60, na jumla inakuwa 154. Taa ni zile zile 32. Kilichoongezeka ni njia zinazopishana hewani. Katika ufito wa mita 1.8 wenye taa 32, nafasi kati ya taa na taa ni kama milimita 58, na miale hiyo ya mshazari ndiyo inayoziba nafasi hizo.

Hapo ndipo unapoonekana mpaka wa kwanza wa kifaa hiki. Pazia la mwanga ni kama jarife, yaani wavu wa kuvulia samaki: lina macho, na kinachopungua ukubwa wa jicho hupita. Kiwango cha Ulaya cha EN 81-20 cha mwaka 2014, ambacho matakwa yake yaliingizwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8100-1 mwaka 2019, kinataka pazia litambue kizuizi chenye kipenyo cha angalau milimita 50, katika eneo linaloanzia milimita 25 juu ya kizingiti hadi milimita 1,600. Milimita 50 ni kama unene wa mkono wa mtoto. Kidole kimoja, mkanda wa mkoba, kamba ya mbwa, ncha ya kanga au ya buibui, uzi unaoning'inia kwenye mzigo: hivyo vyote viko chini ya kipimo hicho. Pazia linaweza kuvitambua, na pengine litavitambua vikiwa mahali ambapo miale imesongamana, lakini halilazimiki kufanya hivyo.

Mpaka wa pili unatokana na jinsi milango inavyokaribiana. Fito zilizofungwa kwenye milango yenyewe husogeleana kadiri mlango unavyofunga, na miale ya mshazari inakuwa na pembe kali mno kiasi kwamba vipokezi haviwezi tena kuipata, hivyo pazia nyingi huacha kuitumia na kubaki na ile iliyonyooka tu. Zikifika milimita 20 za mwisho, kiwango kinaruhusu kinga hiyo izimwe kabisa, maana bila hivyo mlango usingeweza kufunga. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mlango unaweza kubana kitu chembamba ndipo ambapo pazia huona kidogo zaidi. Mzazi anayemfundisha mtoto kwamba "lifti haiwezi kukubana, ina sensa" anamfundisha jambo la hatari, na afadhali asingemwambia chochote.

Kuna na mpaka wa tatu, ambao huzungumzwa kwa nadra kabisa. Pazia hulinda wakati mlango unafunga. Wakati mlango unafunguka, paneli zake huteleza na kuingia nyuma ya fremu, na mkono ulioegemezwa kwenye paneli unaweza kuburutwa hadi kwenye ule mwanya mwembamba kati ya paneli na fremu. Pazia limesimama katikati ya njia na halitazami upande huo. Watoto wadogo hupenda kuegemea milango inayong'aa, hasa ya kioo, na huumia vidole kwa namna hii ilhali mlango umefanya kazi yake kama ulivyopangiwa.

Dhana zinazozunguka

Watu wengi huamini kwamba mlango wa lifti humtambua mtu anayekuja, kama milango ya supamaketi inavyofanya. Milango ya supamaketi hutumia kihisi cha mwendo kilichofungwa juu, kinachotazama mbele. Pazia la kawaida la lifti halitazami mbele. Ni ukuta mwembamba wa mwanga uliosimama kati ya fito mbili, na mtu aliye sentimita 10 nje ya ukuta huo, kwalo, hayupo kabisa. Zipo pazia za aina mpya zenye uwezo wa kutambua mtu anayesogea, lakini katika majengo mengi ya makazi hazijafungwa, na si busara kukimbilia lifti kwa kutegemea kwamba itakusubiri.

Wengine husema kihisi hupima joto la mwili, ndiyo maana hakioni boksi au toroli. Si kweli. Pazia halijali kama kilichokatiza mwale ni mtu, mbuzi au gunia la mchele. Toroli likigongwa, sababu ni kwamba bapa lake liko chini mno au nguzo zake ni nyembamba, au lifti ni ya zamani isiyo na pazia bali ina jicho moja au mawili tu ya mwanga, moja kwenye usawa wa goti na jingine juu kidogo. Jicho la namna hiyo likiona juu na chini, katikati hubaki wazi, na mguu wa meza unaweza kupita bila kuonekana.

Wapo pia wanaochanganya kihisi cha mlango na kipimo cha uzito. Hicho ni kifaa kingine, mara nyingi kikiwa chini ya sakafu ya chumba au kwenye kamba, na ndicho kinachopiga kelele watu wakizidi. Lifti iliyojaa hubaki na mlango wazi, na abiria huanza kufuta fito kwa mikono, kumbe inatakiwa mtu mmoja ashuke.

Anayehisi, na anayefunga

Mlinzi wa pili hufanya kazi pale ambapo wa kwanza ameshindwa. Katika lifti za zamani, ukingo wa mlango ulikuwa na ubao mrefu uliotangulia mbele kidogo. Ukigusa mtu, ulirudi nyuma na kubonyeza swichi ndogo, na mlango ukafunguka. Huo uliutegemea mguso: lazima mlango ukugonge kwanza ndipo ujue kwamba upo. Katika lifti nyingi za leo kazi hiyo hufanywa na kontrola ya mota, inayopima nguvu inayotumika kusukuma mlango, na ikizidi kiasi kilichowekwa, mlango hurudi. Kiwango kilichotajwa kinataka nguvu inayohitajika kuuzuia mlango usifunge isizidi nyutoni 150, ambayo ni karibu sawa na nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 15. Kwa mtu mzima mwenye afya si kitu. Kwa bibi anayetembea kwa mkongojo, nguvu hiyo inatosha kumwangusha, ndiyo maana kiwango kinabana pia kasi: nishati ya mlango unaofunga haitakiwi kuzidi jouli 10.

Nishati hiyo inashushwa zaidi, hadi jouli 4, pazia linapokuwa bovu au limezimwa, na hapa pana jambo linalowashangaza abiria wengi. Ukiushikilia mlango kwa muda mrefu, au ukiweka boksi katikati ili lifti isiondoke wakati wa kuhamisha vyombo, baada ya muda uliopangwa lifti hupiga mlio na mlango huanza kufunga polepole huku ukisukuma kilichopo. Watu husema mlango umeharibika. Haujaharibika, umepangwa hivyo ili mtu mmoja asiuzuie kwa saa nzima wakati ghorofa kumi zinasubiri. Katika hali hiyo pazia limewekwa kando kwa makusudi, na kinachokulinda ni upole wa mwendo na ule mlio tu. Ukiusikia, ondoka njiani. Anayehamisha vyombo amwombe msimamizi wa jengo aweke lifti katika hali ya kuhudumia mzigo, au mtu mmoja ashikilie kitufe cha kufungua.

Mlinzi wa tatu ni kufuli ya mlango wa ghorofa, na kwa maoni yangu ndiye mwenye dhamana kubwa kuliko wote, ingawa haonekani. Mwaka 1887 Alexander Miles, mvumbuzi Mmarekani mweusi aliyeishi Duluth, alipata hataza ya utaratibu wa kufungua na kufunga milango ya lifti kwa kufuata mwendo wa chumba chenyewe, katika zama ambazo milango mingi ilifungwa kwa mkono na mtu akisahau, shimo lilibaki wazi. Kufuli ya leo inalinda dhidi ya ajali ile ile. Ulimi wake hutakiwa kuingia angalau milimita 7 kabla chumba hakijaruhusiwa kuondoka, na swichi ndogo za umeme zilizomo ndani yake zimeunganishwa kwa mfuatano na za ghorofa zote nyingine. Mlango mmoja usipokaza vizuri, hata kama uko ghorofa ya 12 na wewe uko ya chini, lifti nzima haiondoki.

Tatizo la kufuli hufanana sana na tatizo la kihisi. Mlango hufunga hadi mwisho, hutulia kidogo, lifti haiondoki, kisha mlango hufunguka tena. Mtu aliyeko ndani hupunga mkono mbele ya fito, hupuliza vumbi, hubonyeza vitufe. Pazia halina hatia. Limeona njia iko wazi na limeruhusu mlango ufunge. Kinachokosekana ni uthibitisho kwamba mlango umekaza.

Kusoma tabia ya mlango

Kabla ya kumwita fundi, msimamizi wa jengo anaweza kujifunza mengi kwa kutazama tu, na maelezo mazuri humwokolea fundi muda na jengo pesa. Swali la kwanza ni hili: tatizo liko ghorofa zote au moja? Kwa kuwa pazia husafiri na chumba, pazia bovu litasumbua kila ghorofa bila ubaguzi. Kama mlango unasumbua ghorofa ya 3 peke yake na kwingine ni mzima, basi chanzo karibu kwa hakika kiko kwenye mlango wa ghorofa ya 3: kizingiti chake, magurudumu yake, kufuli yake, au kitu kinachoingia kwenye pazia pale tu, kama jani la mmea uliowekwa koridoni. Majengo huuziwa pazia jipya kwa tatizo la ghorofa moja, na baada ya wiki tatizo liko pale pale.

Swali la pili ni mahali mlango unapoanzia kurudi. Usipoanza kabisa kufunga, pazia linasema limezibwa, ama na uchafu, ama na kitu kilichonaswa, ama kwa kukosa umeme. Ukirudi kila mara kutoka sehemu ile ile ya njia, kuna kitu kwenye mfereji wa kizingiti. Ukifika mwisho ndipo urudi, ni kufuli au paneli isiyokaa sawa.

Swali la tatu ni saa. Mlango unaosumbua alasiri tu, katika ghorofa iliyo wazi upande wa magharibi, huenda unapigwa na jua moja kwa moja kwenye vipokezi. Pazia lina uwezo wa kuchuja mwanga, lakini jua kali la pwani likiingia kwa pembe ya chini linaweza kukizidi kipokezi. Unaosumbua asubuhi baada ya usafi una maji. Unaosumbua siku za upepo mkali katika ghorofa ya chini iliyo wazi kuelekea baharini husukumwa paneli zake na upepo hadi zikagoma kufunga kabisa.

Utunzaji

Kizingiti kinastahili kuzungumziwa kwanza, kabla hata ya kihisi chenyewe. Piga magoti kwenye mlango wa lifti ya jengo la biashara Kariakoo mwisho wa siku na uutazame mfereji mwembamba ambamo milango hutelezea: mna mchanga, vizibo vya soda, pini za stepla, vipande vya mkanda wa plastiki uliofungia marobota, maganda ya karanga, na nyuzi zilizosokotwa na vumbi hadi zikawa donge gumu. Viatu vya mlango, yaani vile vipande vidogo vya plastiki vinavyoshikilia paneli isiyumbe, hupita humo mara mamia kwa siku. Donge moja linatosha kuuzuia mlango kwa nguvu inayotosha kuiambia kontrola kwamba kuna mtu. Dawa yake ni brashi ngumu nyembamba, kibanzi cha mbao au plastiki, na mashine ya kunyonya vumbi, na takataka zitolewe nje. Kuzisukumia shimoni ni kuhamisha tatizo, kwani huko chini ndiko kuliko na vifaa vingine vya usalama, na takataka zilizolundikana zinaweza kushika moto.

Maji ni adui mwingine. Anayepiga deki koridoni asiyasukumie maji kwenye mlango wa lifti, maana yakishapita kizingiti hushuka shimoni na njiani hulowesha kufuli za milango ya ghorofa za chini. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri kinatosha. Wala kizingiti kisipakwe grisi au mafuta ili mlango "uteleze": mafuta hushika mchanga, na mchanga ulioshikana na mafuta hutafuna viatu vya mlango haraka kuliko mchanga mkavu.

Fito za pazia zifutwe kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kikavu au chenye unyevu kidogo, kwa kupitisha kutoka juu hadi chini. Mara moja kwa wiki inatosha katika jengo la ofisi. Panapojengwa jirani, au barabara ya vumbi ikipita mbele, ifanyike kila siku chache. Petroli, thina, sabuni ya unga na sifongo la kusugulia sufuria havifai kabisa, kwa sababu huchubua plastiki iliyo mbele ya taa, na plastiki iliyochubuka hutawanya mwanga hata ikiwa safi. Stika na matangazo yasibandikwe juu ya fito. Mwenye nyumba anayepaka rangi fremu za milango azifunike kwanza. Tone la rangi juu ya kipokezi kimoja ni kizuizi cha kudumu.

Pazia za aina nyingi hukabili kizuizi cha kudumu kwa namna inayohitaji kueleweka. Mwale mmoja ukizibwa muda mrefu bila mabadiliko, kifaa huuhesabu kuwa mbovu na kuanza kuupuuza, ili lifti isisimame kwa sababu ya tone la rangi. Mlango unaendelea kufanya kazi, abiria hawaoni tofauti yoyote, na pale palipokuwa na mwale sasa pana tundu. Ikipuuzwa miale kadhaa iliyo karibu karibu, tundu linakuwa dirisha. Kwa hiyo mlango kufanya kazi si ushahidi kwamba pazia ni zima, na ushahidi pekee ni kulijaribu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua kijiti cha mviringo chenye unene wa sentimita 5, kama kipande cha bomba la plastiki, na wakati mlango unafunga kipitishe kati ya fito kwenye usawa wa kifundo cha mguu, kisha mzunguko mwingine kwenye goti, kiuno, kifua na bega, na mara moja karibu na kila ufito. Mlango urudi kila mara kabla haujakigusa kijiti. Tumia kijiti, usitumie mkono wala mguu, kwa sababu unajaribu kifaa ambacho huna uhakika nacho. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la matengenezo pamoja na tarehe.

Yanayobaki ni ya fundi lifti mwenye sifa, na si ya fundi umeme wa kawaida wa mtaani, hata awe hodari namna gani. Fundi atapima kama fito zimetazamana sawasawa, atakagua waya unaopinda kila mlango unapofunguka, ambao hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likiwa zima, atafungua viunganishi na kutafuta kutu, tatizo la kawaida Mombasa, Tanga na Zanzibar ambako hewa ya chumvi hula shaba. Atapima nguvu ya kufunga kwa kipimo chake, si kwa kukisia kwa kiganja. Atatazama magurudumu ya kuning'inizia paneli na kufuli za ghorofa moja moja.

Ikibidi kubadilisha pazia, fito zote mbili zibadilishwe pamoja na ziwe za seti moja, kwa kuwa taa na vipokezi hufuata mdundo mmoja. Uunganishaji wa waya nao una kanuni: ishara ya "njia iko wazi" ndiyo itumwe, si ishara ya "kuna kizuizi". Ikiwa hivyo, waya ukikatika au umeme wa pazia ukipotea, kontrola hukosa ile ishara na mlango hubaki wazi. Ikiwa kinyume, waya ukikatika kontrola haisikii chochote, hudhani njia iko wazi, na mlango hufunga bila kuona.

Njia ya mkato inayoua

Lifti ikisumbua siku ya mwisho wa mwezi, wapangaji wakilalamika na mwenye jengo akipiga simu kila nusu saa, kishawishi cha kuunga waya moja kwa moja, kazi ambayo mafundi huiita kuweka jampa, huwa kikubwa. Jampa kwenye pazia humfanya kontrola aamini kwamba njia iko wazi daima. Lifti "inapona" papo hapo, na kuanzia hapo mlango unafunga bila kumwona mtu yeyote, kwa kasi ya kawaida, kwa sababu kontrola haijui kwamba pazia limeondolewa na hivyo haipunguzi mwendo wala haipigi mlio.

Jampa kwenye kufuli ya mlango wa ghorofa ni jambo zito zaidi. Chumba kinaweza kuondoka mlango ukiwa wazi, huku mtu akiwa na mguu mmoja ndani, au mlango unaweza kufunguliwa koridoni pasipo na chumba nyuma yake. EN 81-20 inataka kontrola za lifti mpya ziwe na swichi maalumu ya kuipita kufuli wakati wa matengenezo, ili fundi asihitaji kuchomeka waya. Ikiwashwa, lifti haiitiki miito ya abiria, huendeshwa katika hali ya ukaguzi au ya uendeshaji wa dharura tu, na king'ora na taa ya kumweka hufanya kazi chumba kinaposogea. Lifti ya zamani haina swichi hiyo, na waya uliosahaulika ndani ya kabati la kontrola hauonekani na mtu yeyote hadi siku ya maafa. Katika hali kama hiyo, tangazo la "Lifti haifanyi kazi" na wapangaji wakapanda ngazi kwa siku mbili ni uamuzi wa haki, na msimamizi anayeusimamia asionekane mzembe.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ikaguliwe kwa kina angalau mara moja kila miezi 6 na mtu aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa huduma za usalama na afya kazini. Tanzania Bara, jukumu la kusimamia usalama wa mitambo sehemu za kazi liko kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Ukaguzi wa namna hiyo ni tofauti na matengenezo ya kila mwezi yanayofanywa na kampuni yenye mkataba na jengo, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine: mkaguzi hutazama hali ilivyo siku hiyo, kampuni ya matengenezo huhudumia siku zote zilizo katikati.

Mpangaji ana haki ya kuuliza mambo mawili kwa msimamizi wa jengo: cheti cha ukaguzi wa mwisho kina tarehe gani, na daftari la matengenezo linasema nini kuhusu milango. Kama daftari linaandika "mlango umerekebishwa" bila kutaja ghorofa, kifaa kilichoguswa na jaribio lililofanywa baada ya kazi, kampuni iombwe iandike upya kwa ukamilifu. Na kila baada ya fundi kuondoka, msimamizi achukue kile kijiti cha sentimita 5 na kulijaribu pazia mwenyewe kabla hajasaini karatasi ya kazi.